Kufufuka kwa Povu Tele

Jumatatu, 3 Machi. Scarborough. Mvua.

Wamenikumbuka! Simu imelia nikipaka mkate siagi. Binti wa televisheni, Priya Sandhu, sauti kama asali. Wanataka kukifufua kichekesho chetu cha zamani, Povu Tele, kile cha duka la kufulia nguo. Mimi ndiye Bwana Tupper, mteja aliyekwama ndani ya mashine kila wiki. Nchi nzima ilivunjika mbavu! Mbio hadi baa kutangaza. Gareth, mwenye baa, akauliza, "Ile ya yule mama?"

Yule mama! Nikaondoka bila kumaliza bia. Karibu bila kumaliza.

Jumatano, 5 Machi.

Priya kaja kunywa chai. Kamaliza biskuti. Anamsaka Maureen Tidswell, aliyekuwa Bi Hebden, mwenye duka. Aliacha kipindi kikiwa kileleni na hajaonekana kwenye kioo tangu hapo. Je, najua aliko? Najua sana. Yuko Whitby, pua na mdomo na hapa. Nikasema yuko Ureno, na kumbukumbu zimemtoka, maskini. Nikashusha pumzi. Pumzi nzuri mno ile. Kisha nikapendekeza Tupper arithi duka. Priya atafikiria.

Lakini swali limeniganda kama kupe: mtu anaachaje kupendwa na nchi nzima?

Ijumaa, 7 Machi.

Swali limenishinda. Basi hadi Whitby. Kofia, miwani ya jua, masharubu ya bandia. Nia yangu kuchungulia tu. Nikamkuta ufukweni, anatoka majini! Machi hii, na baridi yake! Yeye na wanawake wenzake, wekundu kama kamba aliyechemshwa, wanacheka. Akanitupia jicho mara moja.

"Wee Clive, masharubu yanakuingia mdomoni."

Akaninunulia samaki na chipsi. Nikamuuliza kijanja, kama aulizaye habari za mvua, kwa nini aliacha. Akasema siku ya kumzika mama yake, mbeba jeneza alimwomba awatolee lile jicho la Bi Hebden, alilokuwa akimkazia Tupper kila akikwama.

"Nikalitoa, Clive. Wakacheka. Kesho yake nikaacha kazi."

Nikala chipsi zake. Wala hakuniuliza nimefuata nini. Ajabu ya mwanamke!

Jumatatu, 10 Machi. Leeds.

Siku ya majaribio. Duka nimepewa mimi! Wakubwa wa televisheni wamejaa ukumbini. Nikakwama ndani ya mashine kwa ufundi wa hali ya juu. Kimya. Mtu kakohoa. Nikakwama tena. Kimya zaidi. Mara goti likakwama kweli, na fundi akaniita "babu" huku akinivuta miguu. Aibu! Priya akaniambia kwa upole kwamba mambo yakiwa hivi, wataachana na mpango mzima.

Nikajifungia chooni. Walikuwa wakicheka nini zamani? Sijawahi kujiuliza. Nikamwona Maureen akilini, kasimama na kikapu cha nguo, ananitazama tu.

Nikampigia. Nikamwambia yote, hata Ureno. Akasema: "Ureno angalau kuna jua. Nitakuja kesho. Kwa ajili yako, si yao."

Jumanne, 11 Machi.

Priya alipomwona Maureen, aligeuka kunikodolea macho mimi. Nikasema tiba za siku hizi ni muujiza.

Nikakwama. Maureen akasimama na kikapu. Hakutamka neno. Jicho tu. Ukumbi ukalipuka! Yule fundi alifuta machozi kwa mkono wa shati. Nami, nikichungulia kupitia kioo cha mashine, nikamwona Maureen anauma midomo asicheke. Kumbe bado analipenda jicho lake. Safari hii hakuombwa na mtu. Nikakipangusa kioo kwa kiganja. Vumbi la sabuni.

Jumatano, 12 Machi.

Kipindi kimepitishwa! Maureen kakubali. Kaweka masharti: asubuhi zake za kuogelea zisiguswe, na bila Clive hachezi.

Nimelitafakari hilo la pili mpaka mkate ukaungua. Bila Clive hachezi. Basi nguzo ni nani? Mambo wazi kama mchana! Nimempigia Priya papo hapo nikampa wazo la kipindi kipya kabisa: Tupper Peke Yake. Akauliza Maureen atacheza nani humo. Nikamwambia hayumo, atanizibia mwanga.

Priya yuko kimya. Bila shaka anatafuta kalamu.