Fundi Mwenyewe Aiteka Ngome ya Windows

Jongeeni, enyi wenye masikio, na mwenye chungu motoni akakiepue kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Namtaja Fundi Mwenyewe, simba wa sebuleni, mpasua mabomba, mtengeneza pasi zisizowaka tena, aliyeapa mbele ya mkewe kwamba fundi wa kulipwa hatavuka kizingiti chake maadamu yeye yu hai.

Asubuhi ile shujaa alikuwa ameisimika Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, katika kompyuta mpakato ya mkewe, dola mpya kando ya dola kongwe ya Windows, akajipongeza kwa kikombe cha chai. Kumbe ndani ya ngome ile kongwe imebaki sauti iliyorekodiwa ya marehemu baba mkwe, nayo haina nakala popote duniani. Na mama mkwe, mjane wake, ameshaketi kwenye kochi, amekuja kuisikia.

Akiwa upande wa Linux, shujaa akaibofya ngome. Ujumbe ukachomoza, akaufunga bila kuusoma. Akabofya tena kwa ghadhabu. Ujumbe ukarudi uleule.

"Ewe lango!" akanguruma. "Wamjua unayemzuia? Funguka kwa hiari, ama nitakuvunja kwa amri ya nguvu, nisibakize jiwe juu ya jiwe!"

"Wewe, usivunje kitu," mkewe akamkata kauli. "Sauti ya baba ikipotea, leo unalala kwa mama yako."

Mama mkwe akakohoa. "Mkwe, kuna shida?"

"Hakuna, mama! Adui yuko taabani!"

Lakini aliyekuwa taabani ni yeye. Aliogopa, tusimfichie aibu. Ndipo, kwa ushujaa usiowahi kuonekana katika ukoo wao, akausoma ule ujumbe. Ulisema Windows haikuzimwa, imelala tu, na vyumba vyake havifunguliwi mpaka izimwe.

"Mke wangu, nuru ya nyumba hii, mara ya mwisho uliizimaje?"

"Kuizima? Mimi naifunika tu, kama sufuria. Tangu tuinunue."

Basi jemadari akarudi nyuma kwa heshima. Akaiamsha Windows, akafunga kurasa za mkewe zilizokuwa wazi tangu enzi na enzi, kisha akaizima huku amekandamiza kitufe cha Shift, maana bila hivyo ile kongwe hujifanya imezimika kumbe imesinzia. Akarejea Linux. Akabofya, na lango likafunguka bila mlio.

Sauti ya mzee ikajaa sebule: "Mwanangu, kompyuta yako nzuri. Ila mumeo asiiguse."

Mama mkwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Akajifuta kwa upindo wa nguo. "Rudia," akasema.

Na wanahistoria waandike kwa wino usiofutika: siku hiyo Fundi Mwenyewe aliteka faili moja, akasimangwa na marehemu mbele ya mama mkwe, na kila alipoambiwa arudie, alirudia kwa furaha.