Ondoa Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Bosi amegawa kazi. Lugha yetu ya kompyuta, ile ya kuwafundishia watoto kuandika programu kwa Kiswahili, imebakiza amri mbili tu. Amri ya "saa", inayouliza mashine ni saa ngapi. Na amri ya "lala", inayoiambia programu itulie kidogo kabla ya kuendelea. Lazima zote zifanye kazi sawasawa kwenye kompyuta za kila aina, hizi zetu za ofisini na zile kuukuu za mashuleni. Kazi tamu! Kazi ya bingwa! Nikakaa wima. Bosi akampa Miwani, yule kijana mgeni tuliyembatiza jina kwa miwani yake.

Miwani! Mtu aliyeajiriwa juzi, kiti chake hakijatolewa nailoni! Mimi nimepewa ujumbe wa makosa. Yaani mtoto akikosea kuandika programu, mashine imwambie amekosea wapi. Na Ijumaa wanakuja walimu wakuu kuamua kama shule zao zitaichukua lugha yetu. Zikiichukua, Bosi atateua kiongozi wa mradi. Nani atamteua mtu wa makosa?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, mwenyeji nimeugua.

Kwa hasira nimeandika ujumbe wa kwanza: "Umefungua mabano ukayaacha wazi. Kwenu hakuna mlango?" Wakome.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemkamata! Asubuhi nzima Miwani amekaa mikono kifuani, anaitazama skrini, hagusi kitu. Nikaenda mbio kwa Bosi. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba mtu wake analala kazini. Bosi hakuinua hata kichwa. Akasema ndiyo kazi aliyompa.

Ofisi nzima ilicheka. Nami nikacheka, meno nje, roho inaniuma.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Badala ya kunionea huruma akauliza kama Miwani ndiye yule kijana mpole aliyemwita shemeji na kumpokea mzigo pale mlangoni kwetu. Akasema ana adabu. Akasema na shati lake huwa limepigwa pasi. Nikamuuliza adabu na pasi vinahusiana nini na kompyuta. Akasema hajui, ila mimi langu hili nimelivaa tangu jana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamua kuandika "lala" yangu mwenyewe, kwa siri, nimwumbue. Wakati wa chakula wenzangu walitoka, mimi nikabaki na njaa yangu.

Rahisi kabisa! Programu inaiuliza mashine: muda umefika? Haujafika. Umefika? Haujafika. Inauliza hivyo bila kupumua hadi ufike. Nikaiwasha. Feni ya kompyuta ikaanza kulia kama inachinjwa. Meza ikapata joto. Miwani akarudi, akasikiliza, akasema kwa upole kwamba hiyo hailali, kaka, hiyo imefumba macho tu na roho iko juu juu. Yake inaiomba mashine yenyewe iiamshe muda ukifika, na mashine za aina zote mbili ameshazijaribu. Akaniwekea mkono begani. Begani kwangu!

Nilipomweleza mke wangu, akasema ameielewa vizuri sana programu yangu, maana analala nayo kitanda kimoja kila siku.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maajabu! Bosi alimtaka Miwani ndiye asimame kesho mbele ya walimu wakuu. Miwani akasema yeye si msemaji. Akasema kaka hapa ana maneno, asimame yeye. Bosi akakubali.

Nimepata! Kisha nikaanza kufikiri. Kwa nini anipe? Mtu hatoi hivi hivi. Ananihurumia. Ama amenitegea. Nikafungua kazi yake, nikaisoma mstari kwa mstari. Na hapo, Mungu si Athumani, nikaliona kosa!

Mashine inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kama Wazungu. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Mashine ikisema tisa asubuhi, kwetu ni saa tatu. Kwa hiyo lazima uondoe sita, kila mtoto anajua. Miwani amechukua saa mbichi kutoka kwenye mashine na kuiacha vilevile! Fundi mzima!

Nikaongeza mstari wangu: ondoa sita. Sikumwambia mtu. Kesho, mbele ya wageni, nitataja kwa unyenyekevu nani ameiokoa saa. Sikuijaribu. Kujaribu ni kwa wasiojiamini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika. Walimu wakuu waliketi, wa mbele akiwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya paredi. Programu yenyewe ilikuwa nyepesi: iangalie saa, ilale hadi saa tatu kamili, kisha iandike "Karibuni". Zilibaki dakika chache. Nikaiwasha, nikamwaga maneno. Saa tatu ikafika. Kimya. Nikamwaga mengine. Kimya. Mama wa paredi akauliza kama mashine imefariki. Nikasema imelala, ndiyo uzuri wake. Akauliza itaamka lini.

Miwani akasogea, akafungua mafaili, akanong'ona. Kumbe alishaondoa sita! Katika faili la pili, ambalo sikulifungua. Yeye kaondoa, mimi nimeondoa tena; akaufuta mstari wangu. Badala ya saa mbili na ushei, programu ilidhani ni saa nane na ushei, ikajilalia kuisubiri saa tatu, na ingeamka wageni wameshakula chakula cha mchana makwao.

Nikaivamia kibodi. Nikajaribu kuandika amri upya, nikasahau kufunga mabano. Skrini nzima: "Umefungua mabano ukayaacha wazi. Kwenu hakuna mlango?" Aibu! Wageni wakavunjika mbavu. Mama wa paredi akaomba akosee yeye mwenyewe. Akaandika "lalaa". Mashine ikamjibu: "Lala inatosha. Ukiivuta hivyo utamwamsha jirani." Wakapanga foleni kukosea! Nilikaa kona, nikitamani ardhi ipasuke.

Bosi akauliza nani aliigusa saa. Miwani akadakia kwamba tumeondoa sita wote wawili, kosa ni la wote, hatukupeana taarifa. Mwizi! Hata kosa langu anataka nusu!

Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwuliza anamsema nani. Akazima taa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ushindi, hatimaye! Asubuhi Miwani kanifuata. Kasema Ijumaa alicheka hadi miwani ikadondoka, na angependa nimfundishe kuandika ujumbe wa makosa. Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia kufundishana kwa nini, tubadilishane kabisa: yeye achukue makosa, mimi nichukue "saa" na "lala". Akanitazama sana. Akauliza kama nina hakika, kaka. Nikamshika mkono kabla hajageuka.

Bosi akaingia meno nje. Shule zote zimekubali! Tena walimu wakuu wana ombi moja: kiongozi wa mradi, atakayezunguka mashuleni, awe mwenye zile kazi za makosa. Akanigeukia mimi. Sijui kwa nini alinigeukia mimi. Nikamsahihisha upesi kwamba makosa ni ya Miwani tangu asubuhi, mimi ni mtu wa saa. Miwani akafungua mdomo kupinga. Nikamwambia anyamaze, tumeshapeana mikono.

Basi kawa kiongozi. Miwani! Wa juzi! Wivu unanichoma hadi kwenye kucha. Watu wengine wana bahati, wanaokota tu.

Lakini nitamwonyesha. Nimekaa kwenye kazi yangu mpya, nimefungua faili la kwanza. Na nimeona nini? Saa imechukuliwa mbichi! Hata sita haijaondolewa!

Nimeiondoa.