Fundi Cherehani Alivyopigana na Kijiwe Kiatuni

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, na ninyi mnaochungulia dirishani mkidhani hatuwaoni! Zimeni redio, epueni chungu motoni, kwa maana habari niiletayo ni nzito, na atakayeisikiliza nusu ataelewa robo. Nawasimulia siku aliyopigana Fundi Cherehani, Simba wa Sindano, Baba wa Mishono Iliyonyooka, na adui aliyeingia ngomeni mwake pasipo kubisha hodi.

Ubavuni mwake alitembea Kinyozi, Bwana wa Wembe, shemeji yake, kaka wa mkewe. Na kati ya mashujaa hawa palikuwa na uhasama. Fundi ndiye aliyemshonea Kinyozi suruali iliyopasuka nyuma mbele ya maharusi. Kinyozi naye ndiye aliyemnyoa Fundi masharubu, akamwachia upande mmoja. Tangu hapo walisalimiana kwa kukohoa.

Basi mke wa Fundi, alipokuwa hospitalini akisubiri kupasuliwa, aliweka nadhiri. Ila, kwa kuwa ni mwanamke mwenye akili, aliiweka kwa miguu ya watu wengine. Alipopona akawaita wote wawili kitandani pake.

“Nimeahidi mtakwenda kuhiji kwa miguu, nyie wawili, njia nzima, mkatoe shukrani,” akasema. “Na atakayerudi bila mwenzake asinione.”

Wakaenda. Asubuhi ya vita walitoka katika nyumba ya mahujaji umande ukiwa bado majanini, na hawajafika hata kwenye mteremko wa kwanza, kijiwe kikapenya kiatuni mwa Fundi, mguu wa kushoto, kikapiga kambi chini ya kisigino.

Mtauliza: mbona asikae akakitoa? Enyi msiojua vita vya mashemeji! Kila mmoja alikuwa ameapa moyoni kwamba hatakuwa wa kwanza kutamka neno “tupumzike”, maana atakayelitamka atakumbushwa mpaka siku ya mazishi yake.

Akasonga mbele Simba wa Sindano. Kijiwe kikaacha kisigino, kikavamia vidole. Akatembea kwa ukingo wa mguu, kama mtu apitaye sebuleni watoto wamelala. Mama mmoja mwenye mjukuu mgongoni akawapita, akawaambia, “Poleni.” Punde akawapita tena, kwa kuwa alikuwa amerudi nyuma kufuata kofia ya mtoto.

“Naona leo unatembea kwa maringo, shemeji,” akasema Kinyozi.

“Huu ndio mwendo wangu!” akanguruma Fundi. “Nimeurithi kwa baba yangu, naye kwa babu yangu!”

“Babu yako alikuwa kaa?”

Jua likapanda, nao wakaupanda mlima uliowakabili njiani, na mlima, kwa utovu wa adabu, ukazidi kuwa mrefu kadiri walivyoupanda. Ndipo Fundi, akigeuka ili amtukane mwenzake kwa jambo jipya, akauona uso wake. Ulikuwa umepauka kama majivu. Midomo imekauka, mwili unayumba kama cherehani iliyolegea skrubu. Bwana wa Wembe alikuwa akiinua mguu, kisha akiufikiria, kisha akiuinua tena.

“Shemeji, uko sawa?”

“Niko sawa kabisa,” akasema Kinyozi, akauegemea mti ambao haukuwepo.

Fundi akamdaka kwa ukosi. Lo! Moyoni mwake majeshi mawili yakakabiliana, fahari upande huu, shemeji upande ule, na vita vikawa vikali, na fahari ikarudi nyuma hatua moja baada ya nyingine huku ikitukana. Akasimama wima, akavuta pumzi, akanena kwa sauti iliyofika bondeni:

“Sikia, ewe mlima! Sikieni, enyi mbuzi mlioko mlimani! Mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu hata kunipisha mlangoni, nasema kwa hiari yangu na akili zangu zikiwa timamu: tupumzike!”

Mbuzi wakaacha kutafuna. Kinyozi alikuwa ameshaketi kabla neno halijaisha.

Fundi akamnywesha maji, kidogo kidogo, mpaka rangi ikamrudia. Kisha akaketi juu ya jiwe, akainama avue kiatu, asikifikie. Mgongo uliokaa miaka mingi juu ya cherehani ulikataa. Kinyozi akamtazama, akatikisa kichwa, akapiga magoti.

“Vuta!”

“Si navuta!”

“Huo ni mguu!”

“Sasa ulitaka nishike nini?”

Kiatu kikachomoka, na Bwana wa Wembe akabingirika majanini nacho mkononi. Akakikung’uta. Kikadondoka kijiwe kidogo kuliko punje ya dengu.

“Hiki?” akauliza.

“Kilipokuwa ndani kilikuwa kikubwa.”

Kinyozi akacheka mpaka akashika mbavu, Fundi naye akacheka kwa sababu mwenzake anacheka. Walipotulia, Kinyozi akamtazama usoni.

“Masharubu yako yameota vizuri.”

“Na suruali hiyo imekukaa.”

“Nilinunua dukani.”

“Naona,” akasema Fundi, akamsogezea nafasi juu ya jiwe.

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile, mlimani, mbele ya mbuzi, mtu mzima aliketi chini. Wako wafalme walioketi juu ya viti vya dhahabu, majemadari wameinama na tarumbeta zinalia. Hakuna hata mmoja wao aliyeketi vizuri namna ile.