Fundo la Upande wa Kushoto

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Mavazi ya Wakati wa Vita. Mheshimiwa Naibu wake, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika nami nakitambua. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ukaguzi wa Kola, Vifungo na Vilemba. Viongozi wa ngazi zote pamoja na wale walioishia ngazini. Mama watoto wangu, uliyekaa safu ya mbele. Na ninyi wananchi watukufu mliokuja mmejifunga mashuka, mapazia na vitambaa vya meza: kama kuna mtu sijamtaja, basi ajitaje kimoyomoyo, nami nitahesabu kuwa nimemtaja. (Makofi.)

Napenda kuchukua fursa hii adhimu, ambayo nimepewa na mimi mwenyewe kwa kuwa ndiye niliyepanga ratiba, kuzindua rasmi Kiwanda cha Vazi la Taifa, ambacho ukuta wake wa mbele mnauona hapa nyuma yangu uking'aa kwa rangi mbichi. (Makofi. Mtu mmoja anagusa ukuta, anafuta kidole kwenye shuka la jirani yake.)

Ndugu wananchi, tangu majirani zetu wa ng'ambo ya mto watuanzishie vita, Idara yangu ya Mavazi, ambayo mimi ndiye Mkurugenzi wake, imekuwa ikijiuliza swali zito: adui tutamjuaje? Wanajeshi wetu kule mpakani wanamjua, kwa sababu anawapiga risasi. Sisi huku mjini, ambao hatujapigwa risasi hata moja, tulibaki nyuma kimaendeleo. Tukaitisha kikao cha wadau wote, tukatoka na strateji yenye feizi nne, frimuweki moja na chai, tukabaini kuwa adui hujulikana kwa shati lisilo na kola, kwa suruali pana, kwa kuweka mkono kifuani anaposalimia, kwa kuvua viatu mlangoni, na kwa kilemba cha kike kilichofungwa fundo upande wa kushoto. Wapo waliouliza tumejuaje. Jibu ni kwamba mjumbe mmoja alisema, wala hakuna aliyepinga, na jambo lisilopingwa kikaoni kitaalamu huitwa utafiti. (Makofi marefu kutoka kwenye viti, kikohozi kutoka kwa waliosimama.)

Matokeo yanajieleza. Kabla ya zoezi la kukagua nguo, uzalendo wa mtaa huu ulikuwa asilimia thelathini na nane. Leo ni asilimia mia na nne, na hizo nne tumeziweka akiba. Nguo zenu mlizivua kwa hiari, mbele ya askari, zije zifumuliwe nyuzi hapa kiwandani na kushonwa Vazi halisi la Taifa. Nawaona mmependeza. Yule bwana aliyevaa pazia, geuka kidogo tukuone. Safi sana.

Hapakosi changamoto. Fundi viatu wa pale kona aliripotiwa kwamba wateja wake wote huvua viatu wakifika kwake. Kabla Idara haijakamilisha uchunguzi, wananchi wenye hasira ya kizalendo wakamvunjia kibanda na kumpasua kichwa. Idara inasikitika, na inakumbusha kwamba mbao za kibanda kile zilitoka nje ya nchi. Amehama na mkewe na watoto, hatujui alikoelekea, na tangu aondoke takwimu za malalamiko zimeshuka. (Kimya.) Hapo ratiba ilitarajia makofi. (Makofi machache.)

Sasa wapo wanaonong'ona kwamba sheria hizi zinawabana wanyonge tu. Naomba niwasimulie yaliyotokea nyumbani kwangu mwenyewe, ili mwone jinsi nisivyo na upendeleo.

Binti yangu wa pili, ambaye mumewe yuko mpakani akipigana, alishikwa na uchungu mchana kweupe. Mama watoto akatuma mtu mbio kumwita mkunga wetu, ambaye mtaa mzima mnamwita Shangazi, na ambaye, naomba hili lisiandikwe, ndiye aliyenipokea mimi duniani. Shangazi akabeba mkoba wake, akatoka mbio, akafika kwenye kizuizi chetu cha ukaguzi kati ya gereji na duka la dawa. Pale palikuwa na kamba, hema, meza, rundo la nguo zilizovuliwa, na Bwana Kipimo, ofisa wangu hodari, ambaye kabla ya vita alikuwa akipima milango kwa seremala.

Bwana Kipimo akamwambia kwa heshima zote: "Shikamoo, Shangazi. Samahani, fundo lako liko kushoto."

"Marahaba. Limekuwa kushoto tangu hujazaliwa. Nipishe, kuna mtu ana uchungu."

"Sote tuna uchungu, Shangazi. Nchi iko vitani."

"Uchungu wa kuzaa, wewe!" (Kicheko.)

Wananchi, mnacheka, lakini tazameni nidhamu ya kijana yule. Alimwomba alihamishie fundo kulia. Shangazi akamjibu kuwa hana muda wa kupambwa na mtu wa kupima milango. Basi Bwana Kipimo akamketisha hemani, akanipigia simu. "Mheshimiwa," akasema, "kuna bibi hapa ana fundo la kushoto na maneno mengi." Nami nilikuwa kikaoni, tumefika kwenye urefu wa mikono ya mashati, hatua nyeti sana, nikamwamuru: "Mzuie hapohapo mpaka nifike." Nikarudi kwenye mikono. Mama watoto naye alikuwa akipiga, akapiga tena, nami nikailaza simu kifudifudi, maana kazi ya taifa haina mambo ya nyumbani.

(Sauti ya mwanamke kutoka safu ya mbele: "Endelea! Usiruke!")

Naendelea, mama watoto. Alipoletewa habari kwamba mkunga amezuiwa, mama watoto aliazima mkokoteni wa kubebea saruji, akampandisha binti, yeye na jirani wakausukuma kumfuata mkunga aliko. Wakafika kizuizini. Na hapo, ndugu zangu, ndipo mfumo wetu ulipodhihirisha ubora wake, kwa sababu Bwana Kipimo alibaini papo hapo kwamba mjamzito yule amevaa shati la mumewe lisilo na kola. Akanyoosha utepe wake wa kupimia. Mama watoto akamwambia: "Uweke chini huo utepe kabla sijakufunga nao." Binti akapiga ukelele mmoja. Shangazi akatoka hemani, akamsukuma ofisa wa serikali kwa kiwiko, na binti akaingizwa ndani, akalazwa juu ya rundo la nguo za adui.

Nilifika nikiwa na maazimio ya mikono mkononi. Nikamwona mama watoto amesimama mlangoni mwa hema, jasho linamtoka, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza: "Nani aliyeidhinisha shughuli hii?" Aliniangalia tu, jinsi anavyomwangalia muuzaji wa maziwa yaliyotiwa maji. Ndani binti alikuwa akimwita mumewe. Kisha akanyamaza. Mtoto naye hakulia.

Kimya kile, ndugu wananchi, hakikuingizwa kwenye taarifa. Nilisikia Shangazi akisema, "Njoo baba, njoo, usinifanyie hivyo," na kofi dogo, na kimya tena. Nilifikiri kuhusu ile simu niliyoilaza. Maazimio yalianguka, sikuyaokota.

Halafu akalia. Alilia kwa sauti ya kushtaki.

(Sauti ya safu ya mbele: "Na wewe sema ulivyolia!" Kicheko.)

Hilo liko kwenye kiambatisho, mama watoto.

Shangazi akatoka kichwa wazi, mvi zake zote hadharani, kilemba chake ndicho alichomviringishia mtoto. Akanikabidhi akisema: "Shika mjukuu wako. Nimemfunga fundo kushoto. Kuna wa kulifungua?" Bwana Kipimo akanitazama mimi, mimi nikatazama gereji. Kwa mamlaka niliyopewa nikatamka papo hapo kwamba mtoto huyu amezaliwa uchi kabisa, bila kola wala kifungo, na hivyo ndiye raia wa kwanza kutimiza masharti yetu kwa asilimia mia. (Vigelegele. Vinakatika.)

Wengine walidhani baada ya hapo nitafuta kanuni. Hapana! Niliiboresha. Sasa mkunga aweza kufunga fundo apendavyo, ilimradi yumo kazini na anayejifungua ni wa familia ya Mkurugenzi. Wengine endeleeni na utaratibu.

(Kikongwe anasimama katikati ya umati, shuka begani: "Mwanangu, mimi niliyekupokea nakuuliza. Baridi inakuja. Hilo Vazi la Taifa tutalivaa lini?")

Shikamoo, Shangazi. Hivi karibuni. Hivi karibuni ni istilahi ya mipango yenye maana pana, na nisingependa kuifinya kwa kutaja tarehe.

Ndugu wananchi, muda ni adui mwingine. Nitakapotamka, itikieni kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Kola! (Wachache: "Juu!") Suruali! ("Ibane!") Fundo! (Wengine: "Kulia!" Wengine: "Kushoto!")

Inatosha. Kabla ya kushuka nitoe shukrani. Namshukuru fundi seremala aliyetupigia ukuta huu wa mbao kwa muda mfupi, na nawaomba walioegemea wajinyanyue taratibu, kwa maana nyuma yake hakuna kinachouzuia usianguke. Kuna uwanja wa mpira, kama ilivyokuwa siku zote. Namshukuru fundi wa rangi kwa madirisha aliyoyachora, ambayo ukiyatazama kwa mbali unaona kabisa kama kuna watu ndani wanashona. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule mfanyabiashara mzalendo aliyezichukua nguo zenu zote, akazivusha mto na kuwauzia adui zetu wenyewe, ambao, kwa mujibu wa taarifa yake, wamezigombania sokoni siku nzima, wakisema hawajapata kuona maishani mwao mitindo ya kigeni ya ajabu namna hiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. (Ukuta unaanza kulia na kuinama.)