Bwana Kijiko Aonja Chakula cha Angani

Bwana Kijiko alikuwa na biashara nyingi, na zote zilikuwa mdomoni. Alivuka mpaka kwa basi akiwa na koti moja la heshima, viatu vya ncha vilivyong'aa kuliko maisha yake, na begi la magurudumu ambalo ndani yake mlikuwa na begi jingine dogo, basi. Ukimuuliza amefuata nini nchi ya watu, angekujibu, "Safari ya kikazi," kwa sauti ya kukufanya uone aibu kwa kuuliza. Kazi yenyewe alikuwa bado anaitafuta.

Njaa ilimpata kabla hajaipata kazi. Akaingia mgahawa uliokuwa kwenye pembe ya barabara mbili, kwa mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Kona. Akaketi, akaagiza wali na maharage, akatoa mfukoni kijiko chake mwenyewe kilichofungwa kwenye leso. Tusimwonee, mtu huyu hakuwa na tabia nyingi nzuri, lakini kulia kijiko kilichopita mdomoni mwa kila mtu alikuwa hataki. Akakifuta, akachota, akatia mdomoni, akafumba macho.

Alifumba macho kwa sababu alikuwa ameuma jiwe.

Lakini Mama Kona, aliyekuwa anamtazama kutoka jikoni, hakujua habari za jiwe. Aliona mgeni mwenye koti na kijiko chake amefumba macho, kimya, kichwa kimeinama kidogo. Moyo ukampasuka paa. Akaja mbio huku anafuta mikono kwenye aproni.

"Kuna tatizo, baba?"

Mtu wa kawaida angesema kuna jiwe, akaletewa sahani nyingine, hadithi ikaishia hapo. Bwana Kijiko alifumbua jicho moja, akauona uso wa mama yule, na palepale akagundua mgodi: mpishi haogopi mteja anayelalamika, amewazoea. Anamwogopa mteja anayenyamaza.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema, akalimeza lile jiwe kishujaa. "Niko kazini."

"Kazi gani hiyo ya kufumba macho?"

"Kuonja. Natoka shirika la ndege."

"Shirika lipi?"

"Jipya kabisa. Ndege zenyewe bado ziko kwenye nailoni." Akapunguza sauti. "Abiria wamechoka na vyakula visivyo na kwao. Wanataka chakula cha wenyeji. Nimetumwa kuuonja mji huu, jiko kwa jiko. Jiko litakaloshinda litapikia ndege zote. Lakini hii ni siri, mama yangu. Naomba isitoke hapa."

Hakuna tangazo la redio linalosafiri kama ombi hilo. Kabla jua halijatua, mji mzima ulikuwa umeshaitunza siri hiyo.

Kuanzia kesho yake Bwana Kijiko hakujua tena mlango wa mgahawa unafunguliwaje, maana alifunguliwa. Mpishi wa Shule, mwanamume mpana mwenye sauti ya kengele, alimpikia nyama na samaki kwa staili ambazo wanafunzi wake hawakuwahi hata kuziota. Babu Chai, mzee wa kibanda cha karibu na kituo cha mabasi, alimpa chai na vitafunio mpaka vifungo vya koti vikaanza kuteta. Kila alipokula alifumba macho, akagonga kijiko kwenye ukingo wa sahani, akatoa hukumu.

"Samaki huyu anapaa vizuri," alisema. "Ila naogopa atasumbua kwenye kutua."

"Nipunguze ndimu?" Mpishi wa Shule aliuliza, jasho linamtoka.

"Punguza kidogo. Ndimu na mawingu haviivi chungu kimoja."

Nao walipunguza! Watu waliokuwa wakipika tangu hajazaliwa walipunguza ndimu kwa ajili ya mawingu. Tamaa ya kuonekana na watu walio juu ni ugonjwa, na hauna kidonge.

Laiti angekula akaondoka, tungemsamehe sote. Tumbo likishiba, linatosheka. Ila macho ya tapeli hayana tumbo. Siku moja jikoni kwa Mama Kona yakatua juu ya sufuria moja kubwa, zito, la zamani, ambalo mtoto angeweza kuoga ndani yake na kualika wenzake. Bwana Kijiko akamkumbuka shemeji yake kule nyumbani, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulipa kwa uzito na haulizi kitu kimetoka wapi. Akalishika sufuria masikio yote mawili, akalinyanyua kidogo, akalishusha. Akaguna kwa raha.

"Mama, jiko lako limebakiza hatua moja. Tunapima na masufuria. Kule juu hewa ni nyepesi. Sufuria lisilozoea linapasuka katikati ya safari, mchuzi unamwagikia rubani. Kila jiko litoe sufuria lake kubwa kuliko yote. Nitaondoka nayo, yatapimwa, yatarudi na muhuri."

Siku ile ile Mpishi wa Shule akatoa lake. Babu Chai akatoa birika lake kubwa, akalibusu kwanza. Mama Kona akasema atafikiri.

Jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani, mtu mkimya ambaye alikuwa anashona pindo la suruali.

"Mume wangu, huyu mtu si mwonjaji."

"Umejuaje?"

"Anayependa chakula hufunua kifuniko. Huyu hakufunua. Amelinyanyua sufuria kama anayepima mbuzi. Lile ni sufuria la mama yako. Aliponikabidhi ndipo nilipojua amenikubali katika nyumba hii. Limepikia harusi yetu, likapikia na msiba wake. Likiondoka, nafunga mgahawa, sina jingine la ukubwa ule. Na kama huna la kusema, nitalia."

"Usilie," mumewe alisema. "Mwambie hutoi."

"Nimewaambia wenzangu pia wasitoe. Unajua Mpishi wa Shule kanijibuje? Eti nina wivu! Nikikataa peke yangu, yao yataondoka, halafu watasema nimewanyima bahati ya ndege."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Basi mpe anachotaka."

"Sufuria?"

"Ndege."

Mama Kona akamtazama mumewe. Wameoana miaka mingi, na bado kuna siku humshangaza.

Siku ya kuondoka kwa Bwana Kijiko, mkokoteni ulisimama langoni kwa Mama Kona, masufuria yamefungwa kamba, tayari kupelekwa kwenye basi la mchana. Lilikosekana moja tu. Bwana Kijiko akaja na begi lake la magurudumu, anapiga mluzi.

"Sufuria langu liko tayari," Mama Kona alisema. "Ila tuna swali la kikazi. Chakula cha msibani hakionjwi kama cha harusini. Cha mgonjwa kinaonjwa kitandani. Sasa wewe cha angani umekionjea chini, kwenye kiti kipana, umejinyoosha. Si utatuharibia matokeo?"

"Kweli kabisa!" alisema Mpishi wa Shule, ambaye alikuwa haelewi chochote isipokuwa kwamba anataka kushinda. "Mimi samaki wangu hakutendewa haki!"

"Kwa hiyo tumekuandalia," Mama Kona alisema, akafungua lango la uani.

Uani kulikuwa na ndege. Nasema ndege kwa kuwa kila mtu pale aliiita hivyo. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vimebanana mpaka magoti ya wa nyuma yanachoma mgongo wa wa mbele, na juu yake limetandazwa turubai la kijivu. Mbele kabisa alikaa fundi cherehani, amevaa shati jeupe na kofia aliyojishonea usiku kucha, mikono ameshika usukani wa baiskeli, uso umekaza. Majirani walishaketi. Wawili walikuwa tayari wanagombea kiti cha dirishani, na dirisha halikuwepo.

Bwana Kijiko akatazama jua. Basi halikuwa mbali na kuondoka. Akatazama mkokoteni. Tonge moja tu, alijiambia, halafu nyumbani.

"Haya, haraka haraka," alisema.

"Mizigo kwanza," alisema Mama Kona, ambaye sasa alikuwa amejifunga skafu shingoni na kutabasamu tabasamu asilokuwa nalo kila siku. "Mizigo haiingii na abiria. Begi, koti, viatu."

"Viatu pia?"

"Mheshimiwa, wewe ndiye wa ndege. Hukaguliwi viatu?"

Watu wote wakamgeukia. Bwana Kijiko hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

"Hukaguliwa sana," alisema, akavua.

Begi likapelekwa, na koti, na viatu, na mkokoteni nao ukasukumwa nyuma ya nyumba kwa kuwa, Mama Kona alieleza, ulikuwa mzigo mzito. Bwana Kijiko akabaki na kijiko, tiketi ya basi na karatasi za kusafiria mkononi. Akaketishwa kiti cha katikati, kati ya Mpishi wa Shule na Babu Chai, akafungwa mkanda wa kiunoni. Mkanda ule alikuwa ameushona fundi, na fundi akishona hafanyi mchezo.

"Tunapaa," alisema rubani. Ndilo neno pekee alilosema safari nzima.

Vijana wa gereji ya jirani waliokuwa wamechuchumaa nyuma wakaanza kutikisa viti. Mwanamke mmoja akaanza kusali kwa sauti. Sahani zikaja, visahani vya bati vyenye wali, samaki na maharage mara mbili ya uwezo wake, na Bwana Kijiko akagundua kwamba hawezi kuinua kiwiko, maana kushoto kulikuwa na Mpishi wa Shule na kulia kulikuwa na kiwiko cha Babu Chai, kikavu kama kuni.

"Samaki anapaa?" Mpishi wa Shule alimuuliza sikioni.

"Anapaa, anapaa! Sasa tutue!"

"Kuna mawingu," Mama Kona alitangaza, na vijana wakaongeza mtikiso. Maharage yakamwingia Bwana Kijiko puani. Mtu wa safu ya nyuma alitapika kweli, na jirani zake wakamheshimu, maana ilionyesha ni msafiri. "Tunawaomba radhi, uwanja umejaa. Tutazunguka kidogo."

Wakazunguka. Wakati wanazunguka, ule mkokoteni uliofichwa nyuma ya nyumba ulikuwa unatembea mtaa kwa mtaa, unarudisha kila sufuria jikoni kwake.

Hatimaye wakatua. Watu wakapiga makofi, wengine wakakumbatiana kwa kuwa hai. Bwana Kijiko aliyekuwa amelowa mchuzi akafunguliwa mkanda, akakimbilia nyuma ya nyumba, akarudi amechachamaa.

"Mama! Mizigo iko wapi?"

Mama Kona alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Tunasikitika, mheshimiwa. Mizigo haijafika."

"Haijafika wapi? Si hatujatoka hapa uani!"

Mpishi wa Shule akasimama taratibu, na aliposimama yeye, kivuli kilikuwa kikubwa.

"Unasema hatukupaa?" aliuliza. "Na samaki wangu uliyesema anapaa?"

Bwana Kijiko akafungua mdomo. Maneno yalikuwamo, mengi, ila kila aliloligusa lilikuwa na mlango unaomrudisha kwenye uongo wake mwenyewe. Akaufunga.

"Mzigo kupotea ni kawaida ya ndege," Babu Chai alimfariji. "Wewe mwenyewe unajua, mwanangu. Saa hizi masufuria yetu yatakuwa yanapimwa huko juu."

"Shirika halimtupi abiria," Mama Kona aliendelea. "Aliyepotelewa na mzigo hukaa hapahapa mpaka upatikane, na hulishwa bure. Asubuhi maharage, mchana maharage, jioni yaliyobaki. Mleteeni sahani!"

Aliposema hivyo alimsogelea, akamnong'oneza, na tabasamu lile la skafu halikuwepo tena. "Au kimbia, baba. Basi linapiga honi. Na hilo begi lako sikulifungua. Litafika siku utakayokuja kuwaambia hawa ukweli, ana kwa ana."

Bwana Kijiko akaitazama sahani inayokuja, imejaa, inafuka moshi. Akakimbia. Alikimbia peku katikati ya barabara, shati likinuka samaki, huku nyuma yake mji mzima ukimpungia mikono na Mpishi wa Shule akipaza sauti, "Utuwakilishe vizuri!"

Basi lilikuwa limeanza kusogea. Kondakta alimvuta ndani kwa mkono, akaikagua tiketi yake.

"Mzigo?"

"Umepotea," Bwana Kijiko alisema, anahema.

"Umepotelea wapi?"

"Kwenye ndege."

Kondakta akamtazama usoni, akayatazama maharage yaliyonata juu ya sikio, macho yakateremka mpaka kwenye ile miguu mitupu yenye vumbi. Akarudisha tiketi polepole, akawageukia abiria wa kiti cha nyuma.

"Jamani, sogeeni dirishani, mumpishe huyu kaka," alisema. "Na asiulizwe kitu mpaka tufike."