Meza Sita za Mbele

Jumatatu, 3 Juni. Manyunyu tangu alfajiri.
Soko letu la Kombewa limepata paa jipya. Meza ishirini. Sita tu zinatazama barabara. Za mwisho zinatazama choo. Mimi ni katibu wa soko na nauza omena, dagaa wa ziwani. Jacinta pia anauza omena, na ana sauti kubwa. Lazima nikae mbele. Lazima yeye asikae. Nimemshauri mwenyekiti, Mzee Odongo, kwamba watakaowahi kufika Jumatano wapewe meza hizo, na kompyuta ipange majina. Amekubali. Jacinta hajawahi kuiona saa kumi na mbili asubuhi!

Jumatano, 5 Juni. Jua kali mapema.
Nimesimama langoni na daftari. Mimi wa kwanza: saa 12. Wenzangu watano: 12. Jacinta: 1, mdomo umejaa mandazi. Waliobaki 2 na 3. Nimemwonya Jacinta kwamba kompyuta haina shemeji. Akanijibu niandike vizuri, nisije nikamwandika marehemu badala ya mchelewaji.

Alhamisi, 6 Juni. Mawingu.
Byron wa saiba, kibanda cha kompyuta, ana fomula inayopanga orodha kuanzia namba ndogo, kisha inatoa mistari sita ya juu tu. Sikutazama. Nimetia karatasi ya matokeo kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi. Wote wametia sahihi: hakuna rufaa. Maneno yangu, mwandiko wangu.

Ijumaa, 7 Juni. Upepo wa ziwani.
Mzee Odongo amefungua bahasha. Wa kwanza, Jacinta! Laban, aliyefika saa mbili, wa nne. Mimi simo. Byron ameninong'oneza kwamba mashine haijui saa zetu: kwake 12 ni kubwa kuliko 1. Ningesema, lakini rufaa niliifuta mwenyewe. Jacinta amenikaribisha nikanunue omena kwake, eti katibu atapunguziwa.

Jumamosi, 8 Juni. Mvua kubwa.
Watu wamenung'unika. Mzee Odongo ameamua tuandikishe upya Jumatatu, kwa kompyuta ileile. Byron alianza kusema jambo kuhusu kusahihisha zile saa. Nikamkatiza, nimeshaielewa mashine. Nasikia Jacinta ameazima saa ya kengele. Maskini!

Jumapili, 9 Juni. Shwari.
Jumatatu nitaingia langoni saa moja kamili, si dakika moja kabla. Tatizo ni kwamba mwili wangu umezoea kuamka saa kumi. Nimekunywa chai vikombe vinne ili nichelewe kulala.

Sasa ni saa nane na robo usiku, na ndiyo kwanza usingizi unanijia.