Bakteria Wangu Hawajui Basi

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mwakani hapa maabara ni moja. Profesa Tay amesema wazi: ni mimi au Shamala. Atakayeonyesha bakteria wa kijani Ijumaa ndiye atakayebaki. Kazi yenyewe ni hii: bakteria husoma maagizo ya jeni na kujenga protini kwa vijenzi ishirini, na wakifika penye neno "basi" huacha. Sisi tunawafundisha wasiache, waweke hapo kijenzi cha ishirini na moja, tulichowapa wenyewe. Wakitii, wanang'aa kijani. Mashine ya kutikisa chupa za kuwakuzia ni moja tu. Nimeiwahi! Nimeweka pakiti ya tishu juu ya kifuniko, kama tunavyowahi meza mkahawani: penye tishu pana mwenyewe. Singapore nzima hakuna wa kuigusa.

Jumanne, 5 Machi
Shamala ameigusa. Ati hii ni mashine, we Weng Hoe, si meza ya wali wa nazi! Kabana chupa zake mbili kando ya zangu. Moja ina kijenzi kipya, nyingine haina. Hiyo ya pili ni shahidi: iking'aa, ujue bakteria wanachomeka kijenzi chochote cha kawaida na kukuchezea shere. Haya. Nami nimeweka shahidi. Sina cha kuficha.

Jumatano, 6 Machi
Kijani! Nimeruka mpaka nikagonga rafu. Kisha nikamtazama shahidi. Kijani vilevile. Msaliti! Nimemsukuma nyuma kabisa ya friji, na pakiti ya tishu juu yake asiguswe na mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Nilieleza vizuri sana. Profesa akauliza shahidi yuko wapi. Nikasema kavunjika. Akafungua friji kutoa chupa za Shamala, akaona tishu. Akauliza ni mheshimiwa gani kawekewa nafasi humo ndani. Watu wakaangua kicheko. Akamtoa. Aling'aa kuliko chupa zote! Chupa ya Shamala yenye kijenzi ilikuwa kijani, shahidi wake giza tupu. Nafasi kapata yeye. Imeniuma, nisiseme uongo. Shamala akaninong'oneza: "Pole, bwana. Hata kuficha hujui?"

Jumamosi, 9 Machi
Jana Profesa aliniaga kwa neno moja: basi. Mtu mzima, kazi yake ndiyo hii, bado anadhani neno hilo ni la kuacha! Basi, asubuhi nimepita maabara nikaweka pakiti ya tishu juu ya kiti changu. Nimeweka mbili, kwa usalama. Tuone nani ataziondoa.